Kaburi la Bustanini

Wenye bustani za mboga pale bondeni, walioamriwa wahame kupisha ujenzi, walijua hakuna anayejenga ghorofa juu ya maiti. Basi wakainua tuta moja la mchicha hadi likafanana na kaburi, wakasimika msalaba.

Asubuhi msimamizi wa ujenzi alifika na vijana wenye sepetu, amebana sanda mpya kwapani.

"Pole sana, mama. Tutamhamisha kwa heshima zote. Marehemu ni nani wako?"

"Mume wangu," alijibu Mama Sikujua, mwenye tuta hilo. Mumewe, aliyesimama nyuma yake pamoja na wenzao, akainamisha kichwa.

Vijana walichimba taratibu, kama wanaoogopa kumuumiza aliyelala. Walipozama hadi kiunoni bila kukuta hata mfupa, maji yalianza kububujika. Hakuna aliyecheka. Msimamizi aliiacha sanda ukingoni mwa shimo, akapunga mkono, na tingatinga likaanza kunguruma.

Majirani walirudi nyuma. Mama Sikujua alipiga magoti, akaitandaza sanda, akaanza kung'oa mchicha uliobaki, shina moja moja na udongo wake, na kuulaza juu yake.

Mumewe alikuja akashika pindo la pili.

"Tunaupeleka wapi?"

Mama Sikujua alikuwa ameshaanza kufunga ncha ya sanda, upande wa kichwani.