Barakoa Iliyorudi Safi

Msusi alikohoa ndani ya barakoa ya mumewe, akavuta pumzi, akakohoa tena hadi mbavu zikamuuma. Homa ilikuwa bado haijamtoka na kifua kimejaa makohozi, lakini kwa mara ya kwanza tangu augue aliona faida yake. Akalowesha kidole kwa mate, akakipitisha kwenye ukingo wote wa mpira unaobana pua na mdomo. Kisha akaitia barakoa kwenye begi pamoja na mashine na bomba lake, akafunga zipu.

"Kampelekee zawadi," akanong'ona.

Bafuni mumewe alikuwa anaoga huku anapiga mluzi. Mluzi huo nao ulimkera.

Mumewe alikuwa fundi wa majenereta, mtu mnene wa shingo fupi, ambaye akilala pumzi humkatika. Bila mashine ya kumsukumia hewa hukoroma, hunyamaza, kisha hugutuka kama mtu aliyekuwa ananyongwa. Alipopata mafua mwezi uliopita, daktari alimwonya: barakoa ioshwe kila siku kwa sabuni na maji ya vuguvugu, maji ya ndani ya mashine yamwagwe kila asubuhi, bomba lianikwe likauke.

"Ukiacha uchafu humo, mashine yenyewe itausukuma mpaka chini kabisa kwenye mapafu," daktari alisema.

Fundi aliitikia kwa adabu zote, akarudi nyumbani na kumwachia mkewe kazi. Hakuwa mtu wa kuosha hata kikombe alichonywea. Msusi ndiye aliyeosha, akaanika, na mwisho akarithi mafua yenyewe.

Lakini kila mwisho wa juma fundi alisafiri, eti kwenye majenereta ya mradi, na mashine akaibeba. Jumatatu alirudi macho mekundu kama mtu ambaye hakulala, na barakoa ikarudi imetakata, inanukia sabuni ambayo haimo katika nyumba ile. Nani aliyeiosha? Jini?

Halafu mikanda. Fundi ana kichwa kama boga, lazima mikanda ilegezwe hadi mwisho. Ilikuwa inarudi imekazwa. Msusi alikuwa ameshika vichwa vya watu maisha yake yote, na kichwa hakimdanganyi. Hiki kilikuwa kidogo, cha mwanamke. Siku moja aliivaa barakoa mwenyewe mbele ya kioo, ikamkaa barabara, bila kulegeza wala kukaza.

"Kumbe kaenda kutafuta mimi mwingine!" aliwaka peke yake chumbani.

Huyo mwanamke aliivaa ya nini? Alikoroma naye? Au walikuwa wanachezeana? Msusi hakutaka kujua. Ukimkuta mtu amejifunga taulo la mumeo, huulizi kama alitoka kuoga.

Kilichomchoma zaidi ni kwamba kwa ajili ya mwanamume huyu alipoteza kwao. Mama yake alimfukuza fundi mlangoni siku ya kwanza, akasema mnuka dizeli hataingia kwake. Msusi naye akaapa kwamba mama huyo hatatajwa tena ndani ya nyumba yake mpaka amkubali mkwewe. Miaka ikapita, hakuna aliyelegeza kamba. Jana tu mdogo wake alipiga simu.

"Dada, mama ana—"

"Mimi sina mama," msusi akamjibu, akakata. Fundi, aliyekuwa kando, aliinama akaanza kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimekwisha kufungwa.

Sasa alitoka bafuni, akavaa, akanyanyua begi.

"Vipi, umepata nafuu?"

"Kidogo."

"Barakoa umeiosha vizuri lakini?"

"Nimeiosha mpaka mikono imeniuma. Mbona unauliza sana leo?"

"Basi tu. Huko niendako uchafu kidogo ni balaa." Akamwekea kiganja kwenye paji la uso kupima homa. "Ahsante, mke wangu. Pumzika."

Msusi alimtazama akienda, akausonya mgongo wake. Mumewe mafua yalikwisha kumpitia, hayatamfanya kitu. Mzigo ule una mwenyewe.

Jumatatu fundi hakurudi. Jumanne alituma ujumbe mfupi kwamba atachelewa, kuna tatizo. Msusi aliusoma mara kadhaa, kila mara kwa utamu mpya, akaenda saluni mapema kuliko kawaida.

"Leo umeamkia wapi, shoga?" mteja alimuuliza. "Homa imekwisha, na unaimba!"

"Dawa ya moto ni moto," msusi akajibu, akimvuta nywele. "Kuna mtu alikuwa ananichukulia changu. Nimempa na cha juu yake."

Mteja akacheka bila kuelewa. Simu ikalia. Msusi akaibana kati ya sikio na bega, mikono ikiendelea kusuka.

"Uko wapi wewe?"

"Hospitali," fundi akasema. Sauti yake ilikuwa imekauka.

Msusi akajitazama kwenye kioo, akatabasamu. "Masikini. Nani anaumwa?"

"Ni nimonia. Ilianza kama mafua tu, ikashuka kifuani ghafla. Wamemwekea oksijeni, mashine yangu haimtoshi tena."

"Nimekuuliza nani, bwana. Ana jina huyo?"



"Ulinikataza nisimtaje ndani ya nyumba yako, mke wangu, nami nikatii. Lakini daktari anasema watoto wake wawahi. Mdogo wako ameshafika, umebaki wewe."