Asafishwe Vizuri

"Nataka asafishwe vizuri," mzee alisema, "awe mweusi na mweupe kama wenzake."

Mbele yake juu ya kaunta kulikuwa na kadi ya kumbukumbu ya simu, ndogo kama ukucha. Simu yenyewe ilikuwa imeingia maji ikafa. Kadi ndiyo iliyopona, na ndani yake picha moja tu ilikubali kufunguka.

Fundi wa picha aliipokea bila kuinuka. Tangu asubuhi alikuwa akinyoosha kola za watu wa picha za pasipoti na kuwapa maharusi weupe ambao hawakuzaliwa nao. Mgongo ulimuuma, macho yalimwasha, na mtu wa kumlalamikia hakuwepo. Alipofungua kadi akakuta kilima, kilima kitupu chenye njia ya vumbi inayopanda mpaka juu, moyo ulimchangamka kidogo. Angalau kilima hakina kola.

"Ni shamba lako huko, baba?"

"Hapana, mwanangu. Ni njia tu, inapita nyuma ya nyumba yangu. Wa ukutani wote hawana rangi, sitaki huyu awe peke yake. Hajawahi kupigwa picha, ndiyo mara yake ya kwanza. Na mimi mkono ulinitetemeka."

Mdogo wake fundi, aliyekuwa akikata picha za pasipoti, alibana kicheko. Huyu mzee ndiye aliyeingia akiuliza kama "hii kiti anaweza kunibeba".

"Haijawahi kupigwa, mzee," alimsahihisha. "Na useme iwe, usiseme awe. Picha iwe."

"Sawa, mwalimu." Mzee hakubishana. "Watoto wanarudi nyumbani kesho. Nataka wakute picha ukutani."

"Jioni utaikuta tayari," fundi alisema.

Mzee alipokwisha kutoka, mdogo mtu aliachia kicheko chake. "Dada, kumbe hata vilima vinaona haya kupigwa picha. Yule na ngeli hawapikiki chungu kimoja."

Fundi alicheka naye kwa uchovu, kisha akaanza kazi. Kwanza aliondoa rangi. Kilima kikageuka uji: majani, udongo na mbingu, vyote kijivu kimoja. Hilo alilitarajia. Akashika rangi mojamoja kule zilikojificha nyuma ya kijivu. Alipopunguza buluu, mbingu ikaingia giza kama ya mvua. Alipopunguza nyekundu, udongo ukawa mzito. Njano akaipandisha, na majani makavu yakawaka.

Giza lile lilifichua na uchafu. Kulikuwa na waya wa umeme uliokatiza pembeni, mfuko wa plastiki ulionasa kwenye kichaka, na alama nyeusi juu kabisa, njia inapoishia, bila shaka vumbi la kioo cha simu. Aliviondoa kimoja baada ya kingine. Si mwenyewe kasema asafishwe?

Baada ya hapo alijisahau. Chai ilipoa. Mteja alikuja kuulizia fremu, mdogo mtu akamjibu. Fundi aliing'arisha njia kidogo kidogo kwa kipanya, hatua kwa hatua, ili jicho la mtazamaji likanyage chini, lipande nayo, lifike kule juu lisikute kitu ila mbingu. Aliegemea nyuma akaitazama. Ilikuwa picha ya upweke mtupu, na ilikuwa kazi yake, wala hakuna aliyemwambia amwongezee mtu weupe.

"Dada, hii nzuri," mdogo wake alisema nyuma ya bega, na safari hii hakutania.

Fundi aliihifadhi juu ya ileile ya mwanzo, ndani ya kadi ya mzee, kama alivyozoea kufanya kila kazi ilipomchosha. Kompyuta ilikuwa imejaa pomoni, na nani angetaka tena ule uji? Akaichapa kubwa, akaitia kwenye fremu nyeusi na kuipangusa kioo kwa upindo wa gauni.

Mzee alikuja jua likiwa bado lipo, amevaa shati lililopigwa pasi. Alikaa kwenye kiti kilekile, akaipakata fremu magotini na kuitazama bila miwani.

"Mbingu ilikuwa hivi hivi siku ile," alisema taratibu. "Umejuaje, mwanangu?"

Fundi alitabasamu. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, mgongo ulisahau kumuuma.

Mzee akatoa miwani mfukoni, akaivaa. Kidole chake kilianzia chini ya kioo, pale njia inapoanza, kikapanda nayo polepole mpaka juu. Kikasimama. Kikarudi chini, kikapanda tena.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Iko wapi, mzee," mdogo mtu alimsahihisha, mkasi mkononi, bila kuinua kichwa. "Picha iko wapi. Na si hiyo umeipakata?"

"Mama watoto," mzee alisema, kidole bado kiko pale juu. "Alikuwa amefika hapa, akageuka kunipungia mkono."