Mchicha wa Mtu Mmoja

Siku hizo mchicha ulikuwa adimu, na zahanati iliugawa tu kwa wazee ambao mishipa yao ya damu ilikuwa bado inatanuka wakila mboga. Nakijwa alipopimwa, alipita. Mumewe, Elirehema, mishipa yake ilikutwa imekakamaa, akafutwa kwenye orodha.

Nakijwa alipika fungu lake, akamsogezea mumewe sahani.

"Kula, Baba Ndeshi. Mimi nimeshiba."

"Kesho zahanati wanakupima pumzi," alisema Elirehema. "Wasipokuta dalili ya mchicha, watakufuta na wewe."

"Basi tule nusu kwa nusu."

"Nusu haitamfaa yeyote. Kula, mke wangu."

Nakijwa akala. Mumewe alikaa mbele yake, mkono kifuani, akimbembeleza kwa kila tonge kama mtoto mgonjwa, mpaka sahani ikawa tupu.