Bado Mmoja

Siku hizi njia ya baiskeli hujengewa ukuta wa zege pale tu barabara inapokuwa imeshaua waendesha baiskeli watatu. Mtaa wa pili walijengewa wa kwao mwaka jana, na tangu hapo watoto wao huenda shule wakipiga soga huku malori yakinguruma upande wa pili wa ukuta. Sisi tuna wawili: muuza maziwa na mume wangu. Bado mmoja.

Ndiyo maana nilishtuka mama mkwe aliponiomba nimfundishe kuendesha baiskeli.

"Kwa magoti hayo, Mama?"

"Jumatatu mjukuu wangu anaanza shule ya upande wa pili wa mji, kwa baiskeli," alisema. "Zaituni atapita wapi?"

Nilimwelewa vizuri sana, na bado nikamshikia kiti. Tulizunguka uani asubuhi nzima, kanga kaifunga kibwebwe, akicheka kila alipoyumba. Binti yangu Zaituni alimpigia makofi.

Mwishowe nikashindwa kuvumilia. "Mama, wazee hawahesabiwi. Aliyepita miaka sitini akigongwa, barabara haiandikiwi kitu."

Akashuka polepole. "Yaani mwanangu kahesabiwa, mimi nisihesabiwe?"

Alimtazama Zaituni, kisha akanitazama mimi, kwa upole, kwa muda mrefu. Halafu akainama, akalegeza nati ya kiti na kukipandisha taratibu, mpaka kikalingana na kiuno changu.