Aikoni za Meneja

Alibana kitufe kwa kidole cha mwisho, akazungusha gurudumu la kipanya kidogo tu, na aikoni zote kwenye kompyuta ya meneja zikanywea. Jana zilikuwa kama punje za mahindi. Leo zilikuwa kama mchele.

Katibu muhtasi alirudi kwenye meza yake kabla bosi hajafika.

Ofisi nzima ilimwita bosi huyo Shingo, kwa sababu aliwapita watu koridoni bila kugeuza shingo, na ukimnyooshea mkono anakuacha nao hewani. Barua hakusoma; alisomewa. Hata kusaini, katibu alilazimika kumwekea kidole mahali pa kuweka kalamu, kana kwamba anamhudumia sultani.

Hayo aliyavumilia. Kilichomkaa kooni ni ruhusa. Mama yake alipozidiwa, aliomba siku chache tu akamuuguze. Shingo alikataa bila hata kuinua uso.

"Wewe huwezi kutoka hapa," alisema. "Hata siku moja."

Mama akafa, akazikwa, na katibu, binti yake wa kwanza, akasimuliwa mazishi kwa simu.

Ndipo akaanza na aikoni. Alitaka kumwona Shingo akikodoa macho, akisogeza pua hadi kwenye kioo cha kompyuta, akiingiwa na hofu kwamba uzee umemvamia. Kila asubuhi alizipunguza. Na kila asubuhi Shingo alikaa, akaweka mkono kwenye kipanya na kutazama mbele kwa utulivu. Hakulalamika. Hakuita fundi.

Utulivu ule ulimchoma kuliko matusi. Nyumbani, mdogo wake alimshauri amwachie Mungu. Alimjibu kwamba kwa Mungu foleni ni ndefu.

Ikafika siku ya wakurugenzi kuja kusikiliza ripoti ya mwaka. Aikoni zilikuwa zimebaki vinukta, hazina tena pa kunywea. Kwa hasira akabonyeza kitufe cha kioo chenyewe. Kikazimika, kikawa cheusi tii. Safari hii lazima atapiga kelele, aliwaza, akasimama karibu na mlango kumngoja.

Shingo aliingia. Katibu akamwamkia, naye akaitikia, akavuta kiti, akakaa. Mkono ukaenda kwenye kipanya. Akakielekezea uso kioo kile cheusi kwa muda, akiitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyeridhika.

"Ripoti nimeipitia yote," alisema. "Imekaa vizuri. Wakija, wasomee wewe. Sauti yako inasikika."

Katibu alinyata hadi mezani, akapitisha kiganja mbele ya uso wake. Kope hazikucheza.

"Upo?" Shingo aliuliza, kwa upole ambao hakuwahi kuusikia kwake. "Usiende mbali, mwanangu."

Viatu vilisikika koridoni. Katibu alichukua karatasi za ripoti, akamwekea mikononi, kisha akaenda kuwafungulia wageni mlango.

"Karibuni ndani," aliwaambia huku akitabasamu. "Leo meneja atawasomea mwenyewe."