Mechi Aliyofutiwa

Mechi ikiisha, sheria inataka refa afutiwe kumbukumbu zote za mechi hiyo, asije akaondoka na kinyongo. Kwa hiyo Shemweta alirudi nyumbani hajui lolote, akamkuta mkewe amenuna na binti yao Mwantumu, mshambuliaji, amejifungia chumbani.

"Kwani leo nilichezesha timu ya mtoto?"

"Kaoge," mkewe alimjibu. Kumsimulia refa mechi yake ni kifungo.

Hakuoga. Akawa anakaa, anasimama, anaipapasa filimbi mfukoni kana kwamba itasema.

Mlango ukafunguka. Mwantumu akatoka akichechemea, goti limefungwa bendeji, akamwekea baba yake chai.

"Hata la leo nimekusamehe, baba."

Shemweta akabaki na kikombe mkononi, asithubutu kuuliza yaliyotangulia ni mangapi.