Picha Isiyo na Mwenyewe

Siku hizi nyumba hujifagia yenyewe: chochote kisichotajwa kwenye programu yake hukiondoa. Ndiyo maana picha ya marehemu baba mkwe ilikuwa ikitokea kwenye skrini ya ukutani na kupotea papo hapo.

"Amenikasirikia," alilalamika mama mkwe wangu, Bi Mwanakheri.

"Hapana, mama. Niliiweka picha bila kuipa jina la kudumu. Nyumba ikaona haina mwenyewe."

Nikaongeza mstari mmoja wa Python, lugha ya programu ya nyumba, kuipa picha jina. Mzee akabaki ukutani, anatabasamu. Bi Mwanakheri alimtazama weee, kisha akainuka kwenda uani. Mlango, ambao humfungukia wenyewe kila aliyetajwa kwenye programu, haukufunguka.

"Una nini tena mlango huu?" nikauliza.

"Haujawahi kunifungukia, mwanangu," akasema kwa upole. "Huwa nasubiri mmoja wenu apite."